Mwana Aliyekuja na Maswali

Kila alipofika nyumbani kwetu Mogitu, Profesa alivua viatu mlangoni hata kama tumemwambia asivue, akaingia na soksi zake nene za Uingereza na kwenda moja kwa moja kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mafiga. Kigoda kilikuwa kifupi kwake. Magoti yalimfika kifuani. Mama mkwe wangu alimtazama akasema, "Toka hapo mwanangu, wewe ni mtu mkubwa, kaa kwenye kochi." Naye akajibu, "Ukubwa nimeuacha Babati, mama." Tulicheka wote. Mume wangu peke yake hakucheka, nami ilinichukua muda kuelewa kwa nini.

Profesa alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu. Nilipoolewa alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo nilimjua kwanza kwa picha iliyotundikwa juu ya redio: kijana mwembamba amesimama kwenye theluji, amevaa koti la kuazima, mikono ameificha kwapani. Kijiji kizima kilimwita Profesa tangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma, na kila alipokuja likizo alijaribu kuwasahihisha. "Mimi ni mwalimu wa mkataba tu," alisema. Hakuna aliyemsikiliza. Alipopewa huo uprofesa wenyewe, kichwa kilikuwa kimeshajaa mvi. Alipiga simu siku hiyo hiyo, sauti inatetemeka kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Kwani siku zote ulikuwa nani?"

Somo lake linaitwa anthropolojia. Mama hakuacha kulishangaa. Siku moja walikuwa uani wanachambua maharage, akamuuliza, "Hivi unawafundisha nini hasa hao Wazungu?"

"Jinsi watu wanavyoishi, mama."

"Kwani wao hawajui kuishi?"

"Wanajua. Wanataka kujua wengine wanaishije."

"Wakishajua?"

Profesa alipepeta maharage, akauweka ungo chini. "Wanafanya mtihani," akasema.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mjukuu akiuliza jambo lisilomhusu, Mama alimwambia, "Unataka kufanya mtihani?"

Profesa alikuwa mtu wa kuuliza. Mtu akimjibu haraka, aliinua kiganja na kusema, "Taratibu, usinijibu upesi." Mtu akimaliza kusimulia, yeye alikuwa na swali lake moja, "Na kabla ya hapo?" Angeweza kumuuliza fundi baiskeli pale Katesh "na kabla ya hapo" mpaka wakafika kwa babu yake fundi, mvua ya mwaka gani, ng'ombe gani walikufa. Watu walimpenda kwa hilo. Ni wachache katika maisha wanaosikilizwa namna ile.

Lakini kazi yake haikuwa kwetu. Sisi ni Wairaqw, wakulima. Yeye aliandika habari za Wabarabaig, wafugaji wa kule chini Balangdalalu. Aliniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi walimu wake walimkataza kutafiti kwao. Walisema atapendelea, hataona sawasawa. Basi akachagua majirani, akajifunza lugha yao, akaandika vitabu juu ya ng'ombe wao na ndoa zao na jinsi wanavyozika wazee wao. Alipokuwa ameshazeeka kwenye kazi hiyo, wakaja walimu wengine vijana, wakamuuliza kwa nini hajawahi kuandika juu ya watu wake mwenyewe. Alinisimulia hilo akiwa anacheka, lakini kijiko alikuwa amekishika hewani, hakukipeleka mdomoni wala hakukirudisha kwenye sahani.

Kwa hiyo kila alipokuja, gari la abiria kutoka Babati lilimfikisha hapa Mogitu, chini ya mlima, barabarani kabisa, mahali ambapo ukisimama unaona bati la nyumba yetu. Alishuka, akalala siku mbili, akaendelea Katesh, akashuka bondeni Balangdalalu akakaa mwezi. Kurudi alilala tena siku moja, na huyo akaenda zake.

Mwaka mmoja alikuja mama mmoja mzee wa Kibarabaig mpaka nyumbani kwetu, amevaa sketi yake ya ngozi na bangili za shaba, amebeba kibuyu cha samli. Alikuwa amesikia kwamba Profesa yuko. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha Mama nacho hakikuwa kingi, wakakutana katikati.

"Nimemletea mwanangu," yule mama akasema.

"Mwanao yupi?"

"Huyu wa maswali."

Mama alimkaribisha vizuri. Alimpa makande, akampa maziwa, akamsindikiza mpaka barabarani. Profesa alikuwa amekwenda Katesh asubuhi ile, hawakuonana. Mama aliporudi alikiweka kibuyu mezani, akakitazama. "Mama Neema," akaniambia, "yule mama anajua mwanangu hapendi chumvi nyingi. Anajua analala upande wa kulia. Mimi nimesahau kama analala upande wa kulia." Kisha akainuka kwenda kuwafungulia ndama.

Huko Uingereza maisha yake hayakuwa ya picha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nadhani ndiyo maana alinisimulia mimi zaidi, kwenye simu, jioni akiwa anarudi kazini kwa miguu. Miaka mingi alifundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja, ukiisha anaomba upya, kama kibarua wa palizi. Alihama miji. Kuna wanafunzi walioandika kwamba lafudhi yake inawachosha. Kuna aliyemwandikia kwamba ndiye mwalimu wa kwanza aliyewahi kumuuliza bibi yake anaitwa nani, na barua hiyo alinisomea yote. Jina lake walilitamka vibaya mpaka akachoka kulitetea, akawaachia walitamke wanavyoweza. "Shemeji," aliwahi kuniambia, "siku hizi nikijitambulisha, hata mimi nalitamka kama wao."

Alikuwa mkali juu ya lugha. Akiwakuta wanangu wanazungumza Kiswahili jikoni aliwasimamisha. "Kiiraqw kitakufa nyumbani mwa nani, mwenu?" Mama aliitikia kwa kichwa. Lakini watoto wake mwenyewe wawili, aliowazaa na mke wa kule, hawakujua Kiiraqw wala Kiswahili. Binti alikuja mara moja tu, akiwa msichana wa sekondari. Alisema shikamoo vizuri kabisa, alikuwa amejifunza kwenye ndege, na baada ya hapo akawa hana kingine. Mama alimketisha karibu yake akaushika mkono wake alasiri nzima. Profesa alikaa katikati yao akitafsiri. Mama anauliza, yeye anageuza kwa Kiingereza. Binti anajibu, yeye anageuza kwa Kiiraqw. Ilipofika jioni sauti ilikuwa imemkauka. Nilimsikia Mama akisema, "Muulize kama baba yake ni mpole." Binti akamtazama babaye, akasubiri. Swali hilo hakulitafsiri.

Sasa niseme juu ya mume wangu na kwa nini hakucheka.

Baba mkwe alifariki wakati wa mavuno. Profesa alikuwa ameomba karatasi za kuishi moja kwa moja kule Uingereza, na maombi yalikuwa hayajajibiwa. Akitoka nje ya nchi yanahesabika yamefutwa, na kazi inakwenda nayo. Hakuja. Mume wangu alichimba kaburi na vijana wa jirani, akatupa udongo wa kwanza ambao ulipaswa kutupwa na mkono wa mwana mkubwa. Mwaka ule ule Profesa alichapisha kitabu chake juu ya mazishi ya wazee wa Kibarabaig. Alitoa nakala moja kwa ajili yetu, akaja nayo alipopata nafasi, zaidi ya mwaka umepita.

Walikuwa mezani. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alikifungua kitabu, akakifunga.

"Umewazika baba za watu vizuri sana, kaka," akasema.

"Ningetoka wakati ule nisingeruhusiwa kurudi," Profesa akajibu.

"Kurudi wapi?"

Sijawahi kumwona mtu akitafuta neno namna ile, mtu aliyeishi kwa maneno. Mwisho alisema tu, "Naelewa, mdogo wangu," akatoka nje kwenda kukaa kaburini kwa baba yake. Nilimpelekea koti maana upepo wa mlimani ulikuwa umeanza.

Mama alianza kusahau taratibu. Aliweka chumvi mara mbili. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Siku moja alifunga safari ya kwenda kwa wazazi wake, tukamkuta barabarani amesimama na mwavuli, anangoja gari la miaka ya zamani. Nilimpigia simu Profesa nikamweleza. Aliomba likizo bila mshahara, akaja akiwa na nia ya kukaa mpaka msimu mzima upite.

Asubuhi ya kwanza aliingia chumbani kwa Mama na uji, akapiga magoti kando ya kitanda. "Ayo," akamwita, ndivyo tunavyosema mama kwa lugha yetu, "ni mimi, mwanao mkubwa."

Mama alimkagua uso. "Hapana," akasema kwa adabu. "Mwanangu ni kijana. Wewe ni mzee."

Alijaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Alimletea ile picha ya theluji. Mama aliitambua picha, akaibusu, kisha akamtazama yeye kwa hofu. "Umeipata wapi picha ya mwanangu? Amefanyiwa nini?" Akaanza kulia na kuniita. Ilibidi Profesa atoke. Nilimkuta nyuma ya zizi ameegemea mti wa boma, anapumua kama aliyepanda mlima.

Nilimwambia, "Shemeji, usimlazimishe. Mimi ananiita dada yake, nami naitika."

Siku iliyofuata alivaa shati lake la kazi lenye mifuko mingi, akachukua kinasa sauti, akabisha hodi uani kama mgeni. "Shikamoo mama. Mimi ni mtafiti. Nimetoka mbali. Naomba kukuuliza habari za maisha ya zamani, kama una nafasi."

Mama alijinyoosha kanga, akakaa vizuri. "Marahaba. Karibu. Dada, mletee mgeni kiti." Kwa mara ya kwanza Profesa alikubali kiti.

Ikawa kazi yao ya kila asubuhi. Mimi nilikuwa likizo, nilikaa kando nikimenya mahindi, nikisikia. Alimuuliza juu ya jembe la kwanza alilopewa, juu ya ndoa yake, njaa aliyoikuta akiwa msichana, nyimbo za kutwanga. Mambo ya wiki iliyopita yalikuwa yamemtoka, ila ya zamani yalikuwa mazima. Alisimulia vizuri, akanenepa kidogo, akaanza kuuliza kukikucha, "Yule mtafiti anakuja leo?" Profesa alikuwa amelala chumba cha pili, akisikia.

Asubuhi moja alimuuliza, "Mama, una watoto?"

"Ninao. Mdogo yuko hapa, ananilea. Mkubwa yuko Uingereza. Ana akili sana huyo."

"Aliondokaje?"

"Upesi upesi. Gari lilikuwa barabarani linapiga honi." Mama aligeuka akatazama barabarani. Profesa hakumharakisha. "Alikuwa anaogopa. Nilimwona anaogopa, nikajifanya sioni. Nikamwambia, nenda, usirudi mpaka uwe mtu. Baba yake alikuwa amesimama pale, na majirani walikuwepo, ndiyo maana nilisema kwa sauti. Moyoni nilikuwa nangoja aseme, basi siendi."

"Hakusema?"

"Hakusema. Alikuwa mtoto msikivu."

Niliacha kumenya. Profesa alikuwa ameinamisha kichwa, kinasa sauti kimo mkononi.

"Wewe si unatoka huko huko?" Mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ukimwona mwambie ameshakuwa mtu. Imetosha. Arudi."

"Nitamwambia."

"Usisahau. Nyie wasomi mna mambo mengi."

"Sitasahau, mama."

Alizima kinasa sauti, akamshukuru kama anavyoshukuru mtafiti, akaaga. Alitembea vizuri mpaka akapita zizi. Mume wangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe huko nyuma. Sijui alimwambia nini. Nilipochungulia, mume wangu alikuwa ameangusha panga chini, amemkumbatia kaka yake, na Profesa, aliyekuwa mrefu kuliko sisi wote, alikuwa amekunja mgongo ili kichwa kifike begani kwa mdogo wake.

Angekaa. Naamini angekaa. Lakini wakati huo huo chuo chake kilitangaza kupunguza walimu, na idara yake ilikuwa ya kwanza kutajwa. Mke alimpigia simu, mwana wa kiume alikuwa bado anasoma. Asiyekuwepo hana wa kumsemea, Profesa alisema. Alirudi ili aipiganie idara, akaahidi kuja baada ya mvua. Idara ilifungwa hata hivyo. Na Mama alifariki mvua zikiwa katikati, usingizini, baada ya kuniuliza jioni ile kama mtafiti amepata homa maana hajaonekana.

Mazishi aliyaona kwenye simu. Kijana wa jirani aliishika juu ya vichwa vya watu, mtandao ukawa unakatika kama kawaida yake huku kwetu. Alisikia mwanzo wa ibada, akasikia wimbo nusu, kisha akaona anga tu, kwa sababu kijana alikuwa analia naye akasahau kuielekeza simu kaburini. Profesa aliniambia aliitazama ile anga mpaka mwisho.

Na yeye sasa hayupo. Alifariki mwaka jana, moyo, akiwa dukani karibu na nyumbani kwake kule. Binti yake ndiye aliyetupigia. Alizungumza Kiingereza pole pole ili nimwelewe, akasema maziko yameshafanyika, kwamba baba hakuwa ameacha maelekezo yoyote, wakafanya walivyoona inafaa. Mume wangu alisimama mbele yangu akiniambia, "Mwambie mahali papo. Mwambie alikuwa na mahali pake." Nikamwambia. Akasema kwamba hawakujua, kwamba baba hakuwahi kuwaambia, akaanza kulia, nami nikalia, na hapakuwa na mtu wa kututafsiria.

Mahali penyewe nilikuwepo alipoonyeshwa. Ndiyo mara ya mwisho kumwona. Alikuja kwa misa ya kumbukumbu ya Mama. Wageni walipokwisha kuondoka, yeye na mume wangu walishuka pamoja mpaka mwisho wa shamba, makaburi yalipo, nami nikawafuata kuwaita kula. Nilimkuta Profesa amesimama kando ya kaburi la Mama, upande wa mlima.

"Mdogo wangu," alikuwa anauliza, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba kitu kikubwa, "mimi mtaniweka wapi?"

Mume wangu hakufikiri. Alipiga hatua, akachora mstari kwa kisigino kwenye udongo. "Hapa. Siku zote ni hapa. Mimi nitakuwa huku."

Profesa aliingia ndani ya ule mstari akasimama. Akatazama mlima, mawingu yalikuwa yameshuka nusu. Akageuka akatazama nyumba, moshi wa jiko langu, kuku wanaingia bandani. Alionekana ameridhika kabisa. Sikuwahi kumwona hivyo kabla, hata alipokuwa anacheka.

"Mvua zikiwa kubwa, maji hayapiti hapa?" akaniuliza.

"Hayapiti, shemeji. Yanapita kule chini kwenye mtaro."

"Basi ni pazuri," akasema. Akajipangusa udongo kwenye suruali, akatutangulia ndani kula.